Kwihara na njia ya misafara: Kwa nini maoni ya mgeni yana uzito katika kupanua kivutio cha urithi

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na miaka miwili baadaye ikafika Kigoma. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya bidhaa zilizotoka pwani kwenda maziwa makuu, na za bara zilizokwenda pwani, zilipita Unyanyembe zikiwa begani au kichwani mwa mtu. Nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba zilipanda; pembe za ndovu zilishuka. Njia hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, haikuwa na daraja wala mtaro. Ilikuwa ujia mwembamba uliokanyagwa na nyayo za watu waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine.

Kilichobaki cha njia hiyo ndicho ambacho taifa sasa linakitazama kama kivutio cha utalii wa kiutamaduni. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara, iliyo kilomita chache nje ya mji wa Tabora, ndiyo inayobeba sehemu ya Unyamwezi katika simulizi hiyo. Hapo pana tembe lililokarabatiwa na kufanywa makumbusho yanayojulikana kwa jina la Dk. David Livingstone.

Makala haya yanaeleza kivutio hicho ni nini, kinalindwa vipi kisheria, na kwa nini maoni ya mtu wa kawaida anayekitembelea yanapaswa kuhesabiwa pale panapokusudiwa kukipanua. Kupanua eneo la starehe ni kazi nyepesi: huongezwa bembea, bwawa au ukumbi, na mgeni husema kama amefurahi au hakufurahi. Kupanua eneo la kumbukumbu ni jambo jingine, kwa kuwa kinachoongezwa hapo ni maelezo, na maelezo yanaweza kuwa ya kweli, ya nusu kweli au ya upande mmoja.

Kwanza ieleweke kwamba Tabora imekuwa ikipokea maoni ya wageni kwa muda mrefu kuliko miji mingi ya bara. Richard Burton na John Speke waliwasili Novemba 7, 1857 katika mtaa uliokuwa ukiitwa Kazeh, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, na kukaa wiki kadhaa kabla ya kuendelea Ujiji. Burton alichapisha kitabu mwaka 1860, na yale aliyoyaona Unyanyembe yakawa picha ambayo wasomaji wa Ulaya waliibeba vichwani mwao kwa muda mrefu. Henry Stanley alipita mwaka 1871, akapanga nyumba Kwihara, akaingia katika vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo, na baada ya kushindwa akatafuta njia ya kuzunguka kusini kuelekea Ujiji. Naye aliandika kitabu.

Wapo pia wageni walioandika kwa lugha yetu, na hao hutajwa mara chache mno. Selemani bin Mwenye Chande, mtu wa pwani, alisimulia safari yake ya bara kwa Kiswahili, na simulizi hiyo ikachapishwa na Carl Velten katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora na alioa katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, aliacha maisha yake yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili pia. Mwanafunzi wa Tabora anayesoma vitabu hivyo viwili hahitaji mkalimani ili ajue msafara ulivyokuwa ukisafiri. Ni ajabu kidogo kwamba wengi bado tunaifahamu njia hii kupitia macho ya Waingereza peke yao.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya mgeni inapozaliwa, hata kama haandiki kitu katika kitabu cha wageni. Makumbusho yana jina la mtu aliyekaa Kwihara miezi sita. Livingstone na Stanley waliwasili hapo Februari 18, 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi 14 kwenda pwani, na Livingstone akabaki hadi Agosti 25 mwaka huo. Mgeni mwenye udadisi huuliza: wenyeji wako wapi? Unyanyembe ilikuwa na utawala wake, wenye ikulu yake, neno ambalo lilitumika Unyamwezi kwa makao ya mtemi muda mrefu kabla halijawa jina la makao ya Rais wetu. Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa naye akafa humo humo. Mirambo, aliyejenga dola yake Urambo na kufanya Iselamagazi kuwa makao yake makuu, alizitikisa njia zote za biashara hadi alipofariki mwaka 1884. Majina haya yamo katika shule na kambi mkoani hapa. Yanastahili nafasi hiyo hiyo katika maelezo anayopewa mgeni.

Kuna jibu zuri kwa wanaodhani kwamba kuongeza habari za wenyeji ni kumpunguza Livingstone. Soma vizuri kile alichokuwa akikifanya Kwihara katika miezi hiyo sita: alikuwa akisubiri wapagazi. Bila watu wa kubeba mizigo yake, msafiri mashuhuri kuliko wote wa zama zake hakuweza kupiga hatua. Wanaume 57 walioajiriwa pwani kwa ajili yake walifika Agosti 1872, na siku chache baadaye safari ikaanza. Alifariki Mei 1, 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Ndipo Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walipoukausha mwili wake na kuanza kuubeba kurudi pwani.

Mwezi Oktoba mwaka huo msiba huo ulipita tena Unyanyembe. Walimkuta ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike mwili hapo hapo. Walikataa. Waliendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London Aprili 18, 1874. Kukataa huko kulitokea katika ardhi ya Unyanyembe, na kulifanywa na watu waliolipwa kubeba mizigo, mbele ya mtu aliyekuwa na cheo na bendera. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea katika eneo hilo, na lingetosha kuwa chumba kizima cha maonyesho.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na inahitaji uangalifu. Wageni wengi huja wakiwa na picha moja: mstari wa watumwa waliofungwa minyororo shingoni, kila mmoja na pembe begani. Picha hiyo ina ukweli ndani yake. Watumwa walipita katika njia hii, waliuzwa Tabora na Ujiji, na wengine walifia njiani. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba, na mwaka 1876 Sultani Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu, lakini utumwa wenyewe uliendelea bara kwa miaka mingi baadaye. Katika Tanganyika ulifutwa rasmi kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Wapo wazee wa Tabora ambao babu zao waliishi katika hali hiyo.

Hata hivyo, picha hiyo haitoshi. Wanahistoria, akiwamo Stephen Rockel ambaye mwaka 2006 alichapisha utafiti mpana kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, wameonyesha kwamba wengi wa waliobeba mizigo katika njia ya kati walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na Wanyamwezi ndio waliokuwa mstari wa mbele. Kijana wa Kinyamwezi alikwenda pwani kwa mzigo wa pembe na kurudi na nguo. Safari hiyo ilimpa heshima nyumbani. Walikuwa na kiongozi wa msafara, kirangozi, walikuwa na nyimbo na ngoma zao, walidai posho, na walipoonewa waliweka mizigo chini na kukataa kuondoka. Wake zao walifuatana nao, wakipika na wakati mwingine wakibeba. Mtu anayetoka Kwihara akiamini kwamba kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa amewanyima Wanyamwezi sifa waliyoitolea jasho. Na anayetoka akiamini kwamba wote walikuwa wafanyakazi huru amewasahau wale ambao hawakuwa na hiari. Maonyesho yanayopanuliwa yanapaswa kubeba yote mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo si rahisi kulifanya ukutani kwa maneno hamsini.

Lugha yenyewe imehifadhi mengi ambayo mgeni angeweza kuonyeshwa bila gharama kubwa. Hongo, kwa mfano, ilikuwa ada ambayo msafara ulimlipa mtawala ili upite katika nchi yake kwa amani. Ugogo ilijulikana kwa hongo nzito kwa sababu ndiyo iliyoshika maji. Leo neno hilo lina maana ya kosa la jinai. Merikani ni jina la nguo lililotokana na Marekani, ilikotoka nguo hiyo. Mgunda Mkali, jina la nyika kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, na Marenga Mkali, lile la jangwa dogo baada ya Mpwapwa, yanamweleza mtu kuhusu kiu kuliko ramani yoyote. Kuhusu Tabora yenyewe, simulizi inayopendwa mkoani ni kwamba jina limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula kilichomfaa sana msafiri wa siku nyingi. Watoto wa shule wanaoletwa kwa ziara wangekumbuka matobolwa hata wakisahau tarehe.

Baada ya maelezo kuna jengo lenyewe. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa la bapa lililofunikwa kwa udongo juu ya nguzo na fito. Huwa na ubaridi wakati wa kiangazi na hulindwa kwa kukarabatiwa mara kwa mara, kwa sababu mvua ni adui yake. Wageni huona nyufa na kuhisi kwamba jengo limetelekezwa. Wengine hushauri lipigwe saruji limalizike. Ushauri huo una nia njema lakini una hatari. Saruji haipumui kama udongo. Unyevu unaoingia ukutani hukosa njia ya kutoka, udongo ulio nyuma ya plasta hulegea, na ukuta huanza kuoza ndani huku nje ukionekana imara. Ndiyo maana ukarabati wa majengo ya aina hii hufanywa kwa malighafi ileile iliyoyajenga, na fundi anayejua kuchanganya udongo huhitajika kuliko mkandarasi mwenye mashine.

Ulinzi wa kisheria wa mahali kama hapa unatokana na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake ya mwaka 1979. Wananchi wengi hawafahamu namna inavyofanya kazi. Jengo lililojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa moja kwa moja kuwa kumbukumbu inayolindwa. Jengo la baada ya mwaka huo halipati ulinzi huo mpaka litangazwe na Waziri mwenye dhamana. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya yaliyojengwa katika miongo ya mwisho ya misafara, yakiwamo matembe na nyumba za wafanyabiashara ambazo huenda zimo katikati ya makazi ya watu, iko nje ya ulinzi wa moja kwa moja. Mgeni au mwenyeji anayeona jengo la namna hiyo likibomolewa kupisha fremu za maduka anapaswa kuwahi kutoa taarifa kabla ya kubomolewa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna cha kutangaza.

Sheria hiyo hiyo inalinda pia milango na fremu za milango za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Milango ya namna hiyo ilifuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, na tembe la Kwihara linajulikana kwa mlango wake. Mlango huo ni rahisi kung'olewa na kuuzwa kuliko ukuta. Kuuza au kusafirisha nje ya nchi mali hiyo bila kibali ni kosa, hata kama mlango umo katika nyumba ya mtu binafsi aliyeurithi kwa babu yake. Mwenye nyumba hanyang'anywi; anatakiwa kuutunza na kushauriana na mamlaka ya malikale kabla ya kuufanyia biashara.

Kuhusu huduma, hakuna haja ya maelezo marefu. Mgeni anahitaji kibao barabarani, choo safi, maji, kivuli, na mwongoza wageni anayejua zaidi ya kilichoandikwa ukutani. Anahitaji pia kununua kitu cha kupeleka nyumbani, na Tabora ina asali ambayo haihitaji kutangazwa kwa mtu anayeijua. Mambo haya hutatuliwa kwa bajeti na usimamizi.

Usafiri ni suala linalobadilika haraka. Tabora ni njia panda ya reli ya zamani, ambako matawi ya Mwanza na Kigoma hugawana. Reli ya kisasa ya SGR inajengwa katika mwelekeo ule ule wa misafara: kipande cha Makutupora hadi Tabora, cha Tabora hadi Isaka na cha Tabora hadi Kigoma vyote vimeshaingiwa mikataba ya ujenzi. Vikikamilika, mtu wa Dar es Salaam ataweza kufika Kwihara mwishoni mwa wiki na kurudi kazini Jumatatu, safari ambayo mpagazi aliihesabu kwa miezi. Hilo litaongeza idadi ya wageni kabla ya kuongeza uwezo wa eneo kuwapokea, na jengo la udongo lina kikomo cha watu linaoweza kuwabeba kwa siku.

Hapo ndipo maoni yanapopata kazi. Kuwamo katika orodha ya awali ya UNESCO si sawa na kuwamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tanzania ina maeneo saba yaliyoorodheshwa, kuanzia Ngorongoro mwaka 1979 hadi michoro ya miambani ya Kondoa mwaka 2006. Ili njia ya misafara ifike huko, nchi italazimika kuwasilisha andiko linaloonyesha thamani ya kipekee ya eneo, uhalisi wake na mpango wa usimamizi unaotekelezeka. Eneo lililoongezewa majengo mapya yasiyo na uhusiano na historia hupoteza alama katika uhalisi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini kutoka mwaka 2004 hadi 2014, na kazi ya kuziondoa humo ilihusisha wananchi wa kisiwani wenyewe pamoja na mafundi wa mawe na chokaa. Kwihara inaweza kujifunza kutoka hapo mapema.

Maoni yanayosaidia kazi ya namna hiyo ni yale yanayotaja kitu mahususi. "Pamependeza" humfurahisha mhudumu lakini hayamwambii mpangaji lolote. Mgeni anayeandika kwamba maelezo ya chumba fulani yako kwa Kiingereza pekee, au kwamba hakuona popote jina la mpagazi hata mmoja, au kwamba mzee wa jirani alimweleza habari ambayo haimo katika maonyesho, ametoa taarifa inayoweza kufanyiwa kazi. Mwenyeji wa Kwihara, Itetemia au Urambo aliye na picha ya zamani, chombo cha mtemi au simulizi ya ukoo wake ana cha kuchangia zaidi ya mtalii yeyote, na hatakiwi kusubiri aalikwe.

Maoni hayo huandikwa katika kitabu cha wageni kilichopo kwenye kituo, au hupelekwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri husika na kwa Wizara ya Maliasili na Utalii iliyo na dhamana ya malikale. Serikali pia ina mfumo wa e-Mrejesho, ambamo mwananchi huwasilisha pongezi, ushauri au malalamiko kwa taasisi ya umma kwa kutumia simu yake. Anayetumia mfumo huo ataje jina la kituo, tarehe aliyotembelea na sehemu anayoizungumzia, na kama ni taarifa ya jengo au mlango ulio hatarini, aeleze mtaa ulipo ili ofisa aufikie bila kuuliza njia mara mbili.